Wakuu, nisaidieni kumtambua samaki huyu wa Ngerengere: sato, perege au chotara?

#1 Kihonda Mfugaji
Habari zenu wakuu. Nina bwawa la kuchimba huku Morogoro, na nimeamua kulijaza perege wa asili badala ya kununua vifaranga. Nimechukua samaki hai kwa mvuvi anayevua upande wa Mindu, mto Ngerengere, nikawatenga kwenye tangi kwanza. Wengi ni wa kijivu, wa kawaida tu. Shida ni madume wachache ambao simjui hata mmoja.

Mwili ni mweusi karibu wote, kuanzia kidevuni hadi tumboni. Ubavuni kuna madoa madogo meupe, ukimgeuza juani mengine yanaelekea usamawati. Pezi la mgongoni lina ukingo mwekundu hafifu. Mkiani kuna mistari, lakini haijanyooka kama ya sato wa Mwanza, imekatikakatika. Mkubwa wao ana sentimita 19. Pezi la mgongoni nimehesabu miiba 16, halafu zile nyuzi laini 12. Pezi la haja, lile la chini nyuma ya tumbo, lina miiba 3.

Mvuvi anasema perege. Mke wangu, mzaliwa wa Mwanza, anasema sato. Jirani anasema wote wamekosea. Picha zinagoma kupanda, naendelea kujaribu. Nataka uhakika kabla sijawamwaga bwawani.

#2 Tunda Kavu
Sikiliza shemeji yetu wa Mwanza. Samaki mwenye mistari mkiani ni sato. Uzi ufungwe, tuwashe moto.

#3 Mzee wa Nyegezi
Tunda Kavu, usifunge uzi mapema hivyo. Mistari ya mkia wa sato ina tabia yake: ni myembamba, imesimama wima, imepangana sawasawa kuanzia shina la mkia hadi ncha, na inalipita pezi zima juu mpaka chini. Hata sato wa barafu sokoni, ukimpanua mkia unaiona. Mleta uzi anasema imekatikakatika. Hapo mimi tayari nina shaka.

Kihonda Mfugaji, tuanzie mbali kidogo. Je, ana tundu moja la pua kila upande, au mawili? Samaki wa jamii ya siklidi, ambamo wamo sato, perege, ngege, furu, kuhe na chambo, wana tundu moja tu kila upande. Halafu tazama ule mstari wa pembeni. Kwao umekatika vipande viwili: cha juu kinaanzia nyuma ya shavu na kuishia chini ya pezi la mgongoni, cha pili kinaanza chini yake na kupita katikati ya shina la mkia. Ukipata hayo mawili, tumeshaingia nyumbani kwake. Kilichobaki ni kujua chumba.

Akitokea wa kufa, usimtupe. Fungua shavu, toa upinde wa kwanza wa matamvua, uhesabu vile vijino vyeupe vilivyo upande wa ndani, sehemu ya chini ya upinde peke yake. Namba hiyo ina maneno mengi kuliko rangi.

#4 Binti Rufiji
Mnazunguka sana. Mimi nimekulia Utete, perege namjua akiwa mtoni, akiwa kwenye ndoo na akiwa sahanini. Dume la perege likikomaa huwa jeusi, mdomo unapanuka, na kingo za pezi la mgongoni na la mkia zinapata wekundu au rangi ya chungwa. Mleta uzi ametaja weusi, ametaja ukingo mwekundu, na samaki katoka Ngerengere, ambao unamwaga maji Ruvu. Ruvu, Wami na Rufiji ndiko kwao perege, Oreochromis urolepis. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Tazama mkia pia. Perege mzima ana magamba madogo yaliyotapakaa juu ya pezi la mkia lenyewe, hayaishii kwenye shina. Pitisha kidole utayasikia.

#5 Mganga wa Mifugo
Naingia kwa upande mwingine. Madoa meupe kwa samaki aliyetoka kukamatwa na kuwekwa kwenye tangi, mimi nafikiria ugonjwa kwanza. Kuna kimelea anaitwa Ichthyophthirius, anatoa vidoa vyeupe mwilini na kwenye mapezi. Samaki huanza kujikwaruza kwenye kuta na kupumua haraka. Mtenge kabla hajawamaliza wote, jina lake mtajadiliana baadaye.

#6 Mwanamaabara
Ushauri wa kutenga naunga mkono. Ila tofauti ipo wazi. Vidoa vya kimelea vimevimba, ukipitisha kidole ni chenga, na vinakaa ovyo: viwili hapa, kumi pale, leo vingi kesho zaidi. Madoa ya rangi hayana uvimbe, yanafuata mpangilio wa magamba, na yapo pande zote mbili za mwili.

Kama ni ya rangi, basi kuna jina ambalo hakuna aliyelitaja: Oreochromis leucostictus. Dume lake wakati wa kuzaliana huwa jeusi, na madoa meupe au ya samawati hutapakaa ubavuni na kwenye mapezi. Kwao ni Ziwa Albert na Ziwa Edward huko Uganda na Kongo, sio Morogoro. Alihamishiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na tangu hapo amesafirishwa na binadamu hadi kwenye mito na mabwawa mengi ya Tanzania. Mara nyingi anaingia amejificha ndani ya mzigo wa vifaranga vya sato, kwa sababu wakiwa wadogo macho ya kawaida hayawatofautishi.

Binti Rufiji, weusi peke yake haukusaidii. Madume wa Oreochromis wengi huwa weusi wakitaka jike.

#7 Jabali la Kisumu
Salamu kutoka kando ya ziwa, upande wa Kenya. Nyinyi mnapenda kujisumbua. Huku kwetu huyo ni ngege tu, awe mweusi, awe mweupe, awe na madoa. Ukifika Dunga ukiagiza ngege unaletewa, na ugali, na hakuna anayekuuliza umehesabu miiba mingapi.

Lakini niulize kwa dhati: huyu wa Morogoro hawezi kuwa ngege wa zamani? Wazee huku husema ngege wa kweli hakuwa na mistari mkiani na nyama yake ilikuwa tamu kupita huyu wa sasa.

#8 Mzee wa Nyegezi
Jabali, wazee wako wanasema kweli, na nitakujibu kwa urefu maana jambo hili linaniuma.

Ngege wa kweli ni Oreochromis esculentus, mwenyeji wa Victoria. Kichwa kidogo, mkia hauna mistari ya wima, dume likiwa tayari kuzaliana ubavu unapata wekundu na tumbo linakuwa jeusi. Chakula chake ni mimea midogo sana inayoelea majini, ndiyo maana vijino vya matamvua yake ni vingi. Alikuwa ndiye samaki wa biashara wa ziwa zima. Nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingizwa mwaka 1905, huko huko ghuba yenu ya Kisumu, na kwa miaka kama ishirini hivi mavuno yakaanza kushuka. Michael Graham alikuja kufanya uchunguzi mwaka 1927 na 1928, na ndiye aliyempa ngege jina lake la kisayansi. Alishauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Ushauri haukudumu.

Miaka ya 1950 wakaletwa wageni: sato (Oreochromis niloticus), leucostictus anayetajwa na Mwanamaabara, na wale wanaokula majani, Coptodon zillii na rendalli. Ninyi mnaoita ngege leo, karibu kila anayefika sahanini ni sato. Ngege mwenyewe sasa amewekwa kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Amebaki kwenye maziwa madogo ya pembeni, mfano Kanyaboli kule Siaya, na kwenye baadhi ya mabwawa aliyopandikizwa. Hata Kanyaboli watafiti wamekuta damu ya sato ndani ya ngege.

Kwa hiyo ngege kuwa Ngerengere si jambo la kulicheka, samaki hawa wamehamishwa sana. Lakini madoa meupe si sifa ya ngege.

#9 Tunda Kavu
Mzee, sangara umemsahau? Si ndiye aliyemaliza wote?

#10 Mzee wa Nyegezi
Sangara alimaliza furu. Ngege alikuwa ameshaanguka kabla sangara hajajaa ziwa, na kujaa kwake kulikuja miaka ya 1980. Nyavu zilitangulia. Wageni wakafuata, wakagombania naye mazalio na kuchanganya naye damu. Tusimbebeshe sangara kila jeneza.

#11 Jabali la Kisumu
Asante mzee. Nimesoma mara mbili. Kwa hivyo nimekula sato maisha yangu yote nikimwita ngege. Nitaendelea kumla.

#12 Tunda Kavu
Halafu huyu hawezi kuwa furu mkubwa? Furu nao wana madume ya rangirangi.

#13 Mwanamaabara
Swali zuri. Dume la furu lina vidoa vya manjano au chungwa kwenye pezi la haja, vya mviringo, vinafanana na mayai. Jike hutaga, hukusanya mayai mdomoni, kisha huvifuata vile vidoa akidhani ni mayai mengine, na hapo ndipo anapovuta mbegu za dume. Ndivyo alivyoeleza mtafiti Wickler miaka ya 1960. Waliomfuata wamembishia, wengine wanasema vidoa ni vya kumvutia jike tu au vya kuwatishia madume wenzake. Vyovyote itakavyokuwa, kama pezi la haja la samaki wa Kihonda halina vidoa hivyo, furu mtoeni kwenye kesi.

#14 Kihonda Mfugaji
Nimerudi. Asanteni sana. Majibu kwa mpangilio wa maswali yenu.

Tundu la pua ni moja kila upande. Mstari wa pembeni umekatika, Mzee wa Nyegezi, vilevile ulivyosema. Pezi la haja halina vidoa vya manjano. Mganga, madoa meupe hayajavimba, yapo pande zote mbili, hakuna anayejikwaruza.

Mmoja wa wale weusi amekufa jana, nimefungua shavu. Upinde wa kwanza, sehemu ya chini, nimehesabu vijino 21. Nimempa kijana wangu arudie, naye kapata 21.

Binti Rufiji, magamba juu ya mkia yapo, ila hayajafika ncha. Yamefika karibu nusu.

Jambo lililonishangaza: dume mwingine nilimhamishia kwenye beseni jeupe ili nipige picha. Nilipokwenda kuchukua simu na kurudi, weusi ulikuwa umepungua sana, akawa wa kijivu chenye michirizi ya wima ubavuni. Madoa meupe nayo yakafifia. Kwa hiyo picha niliyonayo ni ya samaki mwingine kabisa kwa macho, ingawa ni yule yule.

#15 Binti Rufiji
Magamba mkiani! Nilisema nini? Urolepis. Tunashukuru kwa ushirikiano wenu.

#16 Mwanamaabara
Binti, pole pole. Yamefika nusu. Samaki wa sentimita 19 anayezaliana ameshakuwa mtu mzima, na kwa perege mtu mzima ningetarajia mkia uliojaa magamba kuliko huo.

Kuhusu 21: namba hiyo inamwondoa Coptodon moja kwa moja. Rendalli na zillii wana vijino 8 hadi 12 sehemu ya chini, kwa sababu wao hula majani, hawana haja ya chujio laini. Kwa hiyo waliokuwa wanataka kusema ni rendalli, yule mwenye kifua chekundu, wasahau. Lakini baina ya sato, perege na leucostictus 21 haiamui, hesabu zao zinapishana. Miiba 16 nayo haiamui. Sato mara nyingi ana 17, lakini wa 16 na wa 18 wapo wengi.

Samaki kubadilika kwenye beseni ni kawaida kabisa. Ngozi yake ina chembe zenye rangi nyeusi ambazo hutanuka na kusinyaa kwa amri ya neva. Dume anayetawala eneo lake hutanua weusi. Ukimtoa, ukimtisha, ukimweka juu ya kitu cheupe, anasinyaa, na michirizi ya hofu inatokea. Ndiyo maana kumtambua samaki kwa picha ya beseni ni kubahatisha.

Mimi nasema wazi ninachokiona: mistari ya mkia ambayo ni nusu ya sato, madoa ambayo ni ya leucostictus, magamba ambayo ni nusu ya perege. Huyo ni chotara. Utafiti uliofanyika Tanzania kwa kupima vinasaba vya perege huyu huyu urolepis umeonyesha kwamba pale walipofikishwa sato na leucostictus, wamechanganyika naye kweli. Maumbo yao pia yameanza kufanana.

#17 Mzee wa Nyegezi
Chotara ni jibu rahisi kwa kila samaki asiyeeleweka. Kabla ya kufika huko nataka kujua kama hao weusi wote wana mistari ile ya mkiani, au ni mmoja.

#18 Mwana Kiwengwa
Assalaam alaykum. Mmenikumbusha jambo letu la Zanzibar, naona hamlijui.

Huyu perege wa Wami alifikishwa Unguja zamani, na kutoka Unguja wakapelekwa wengine Malacca, huko Malaysia. Mtaalamu mmoja, Hickling, alipandisha madume ya Zanzibar kwa majike ya Oreochromis mossambicus, aina ambayo huko Asia walikuwa nayo tayari. Mwaka 1960 akatangaza kwamba watoto wote walitoka madume. Wafugaji wa dunia nzima walishtuka, maana madume watupu hawajazi bwawa kwa vifaranga, wanakua tu. Sababu iliyokuja kuelezwa ni kwamba namna ya kurithi jinsia kwa hawa wawili inatofautiana. Trewavas, mtaalamu wa samaki, alikuja kumpa huyo wa Zanzibar jina mwaka 1966, hornorum, na baadaye akahesabiwa kuwa ni tawi la urolepis huyu huyu wenu.

Basi Mwanamaabara ana haki ya kusema chotara. Samaki hawa kuchanganya damu ni jambo lililojengewa biashara nzima.

#19 Mganga wa Mifugo
Mwana Kiwengwa amegusa madume watupu, nami niulize. Hao weusi hawawezi kuwa walitoroka kwenye mabwawa ya watu? Vifaranga vya dume tupu hulishwa homoni, methiltestosteroni. Mimi nina shaka weusi ule umetokana na dawa.

#20 Mwanamaabara
Kutoroka, ndiyo, inawezekana sana. Mvua kubwa ikija kuta zinavunjika na samaki wanaingia mtoni. Weusi kutokana na homoni, hapana. Dawa hiyo huchanganywa kwenye chakula, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo moja ya chakula, kwa wiki 3 au 4 za mwanzo tu, kifaranga akiwa mdogo sana. Inageuza jinsia. Baada ya hapo weusi ni wa dume lenyewe, kwa homoni zake lenyewe.

Mimi binafsi niliwahi kununua vifaranga kwa muuzaji mmoja kama dume tupu wa sato. Walipokua nikakuta majike yenye mayai mdomoni, na kati ya madume wamo weusi wenye madoa meupe kama hawa hawa. Bwawa likajaa vidogo visivyouzika. Ndiyo sababu jina la leucostictus linanijia haraka. Mleta uzi, huyo anawahi kuzaa akiwa mdogo, na bwawa lako litajaa samaki wa kiganja.

#21 Mnyasa Halisi
Naona wa Victoria na wa Pwani mmeteka uzi. Sisi wa Mbamba Bay tuna somo juu ya rangi, lisikilizeni.

Chambo wa Ziwa Nyasa sokoni wote ni chambo. Lakini ndani yake wamo watatu: karongae, lidole na squamipinnis. Nje ya msimu wa kuzaliana hata mvuvi mzoefu atawachanganya. Msimu ukifika, dume la squamipinnis linakuwa la samawati iliyopauka na kichwa kinang'aa, wakati karongae na lidole ni weusi. Hao wawili weusi nao huwatenganishi kwa ngozi. Unaingia kooni. Siklidi ana taya la pili ndani ya koo, mfupa wa pembetatu wenye meno. Karongae mfupa wake ni mzito na meno yake ni manene, lidole ni mwembamba zaidi.

Kihonda, yule aliyekufa bado unaye? Mtoe mfupa wa kooni, mchemshe kidogo nyama itoke, uukaushe. Utakusaidia kuliko kubishana juu ya mkia.

#22 Kigoma Mwisho wa Reli
Poleni na mabwawa ya matope. Sisi Tanganyika tuna kuhe, Boulengerochromis microlepis, siklidi mwenye wachache sana wa kumfikia kwa ukubwa duniani. Rangi ya dhahabu, mabaka meusi ubavuni, na ladha yake usiulize. Hakuna anayekosea kumtambua.

#23 Tunda Kavu
Wa Kigoma kila uzi lazima alete kuhe. Uzi wa pikipiki ataleta kuhe.

#24 Kigoma Mwisho wa Reli
Na nitaendelea mpaka mje mle. Ila kwa faida ya mleta uzi: hata huku tuna tilapia wetu, Oreochromis tanganicae, hayupo kwingine. Msituletee sato wenu ziwani, tunawaomba.

#25 Mzee wa Nyegezi
Mnyasa ametoa hoja nzito, ila mfupa wa kooni unahitaji mwingine wa kulinganisha. Ukiwa nao mmoja hauna cha kuuweka pembeni.

Niongeze la tabia, maana Ethel Trewavas alipowapanga upya samaki hawa, kazi aliyoikamilisha mwaka 1983, alitumia pia namna wanavyolea. Wale wanaotaga chini na wazazi wote wawili kulinda mayai wakabaki Tilapia, na baadaye wengi wao wakaitwa Coptodon. Wale ambao jike peke yake hubeba mayai mdomoni akawaita Oreochromis. Sarotherodon ni wale ambao dume hubeba, au wazazi wote wawili. Kihonda, ukiona jike ana kidevu kilichovimba, hali chakula, na anajitenga, umeshathibitisha ukoo. Aina bado.

Na wenye vifaranga wadogo wasidanganyike na lile doa jeusi lililo chini ya nyuzi laini za pezi la mgongoni. Watoto wa Oreochromis wengi wanalo, kisha hupotea. Akibaki nalo ukubwani, fikiria Coptodon.

Picha ipigwe hivi: samaki hai, ndani ya kioo chembamba chenye maji ya alikotoka, kitambaa cheusi nyuma, usubiri atulie mpaka rangi irudi. Mapezi yote yaonekane yamefunguka.

#26 Mdau wa Uvuvi
Nimesoma kimya hadi hapa. La kwangu ni moja. Kabla ya kuhamisha samaki kutoka mtoni kwenda bwawani, au bwawa moja kwenda jingine, pita kwa afisa uvuvi wa wilaya yako. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinahusika. Morogoro mna bahati, SUA, chuo kikuu cha kilimo, wapo hapo hapo na kituo cha serikali cha Kingolwira kipo. Peleka samaki hai wawili watatu wa kila rangi.

#27 Kihonda Mfugaji
Asante mkuu, nitapita.

Sasa taarifa mpya. Mzee wa Nyegezi uliuliza kama weusi wote wana mistari. Nimewatazama mmoja mmoja. Yule mkubwa ana mistari iliyokatika, kama nilivyosema. Wawili hawana mistari kabisa, mkia una madoa meupe yale yale ya mwilini. Na mmoja hana madoa meupe popote, ni mweusi mtupu, mdomo mkubwa kuliko wenzake, ukingo wa mkia mwekundu kweli kweli, si hafifu, na magamba yamefika mbali mkiani.

Katika wale wa kijivu, jike mmoja amevimba kidevu na hali tangu juzi. Nimempanua mkia kwa uangalifu: mistari ya wima, imenyooka, pezi zima.

#28 Binti Rufiji
Huyo mweusi mtupu mwenye mdomo ndiye perege. Hapo hata ukiniamsha usiku. Kihonda, mtunze huyo, tafuta majike wa namna yake, hao wengine uwale. Nasema hivi nikiwa na uchungu: kule kwetu watu wanaleta vifaranga vya sato kwenye kila dimbwi, mafuriko yakija vyote viko Rufiji. Tunaye samaki wetu ambaye hakuna nchi nyingine aliumbwa humo, na tunamfunika kwa wa kuletwa bila hata kumjua sura.

#29 Mzee wa Nyegezi
Kwa hiyo tangi moja lina zaidi ya aina moja. Nilikuwa naelekea huko. Wawili wenye madoa bila mistari nakubaliana na Mwanamaabara, leucostictus. Jike ni sato. Mweusi mtupu namwachia Binti. Yule mkubwa wa kwanza, ambaye ndiye mwenye uzi, bado mimi nasema ni leucostictus aliyepata michirizi ya hofu mkiani alipokamatwa.

#30 Mwanamaabara
Mzee, kwa heshima zote. Michirizi ya hofu hutokea ubavuni, inakuja na kuondoka. Mistari ya mkiani haiji kwa hofu. Kama ingekuwa hofu, ingefutika alipotulia. Kihonda, ulipomrudisha kwenye tangi mistari iliondoka?

#31 Kihonda Mfugaji
Haikuondoka. Ipo hata sasa, asubuhi hii, na weusi umerudi wote.

#32 Mwanamaabara
Basi chotara. Na huyo mweusi mtupu wa Binti nisingemtangaza perege safi bado. Chotara wa kizazi cha pili au cha tatu anaweza kurudi kufanana na mzazi mmoja kwa nje. Kata kipande kidogo cha pezi, kiasi cha ukucha, kitie kwenye spiriti kali, kiandikie samaki gani, uende nacho SUA pamoja na samaki wenyewe. Pezi litaota tena.

#33 Binti Rufiji
Kwa hiyo hata perege akijileta mwenyewe na vielelezo vyote, atadaiwa cheti cha damu? Mwanamaabara, kwa mtindo huo hakuna perege atakayebaki nchini, wote mtawaita chotara, na mkishawaita chotara hakuna atakayejali kuwatunza.

#34 Mwanamaabara
Ni kinyume chake, Binti. Bila kupima, Kihonda atazalisha chotara miaka kumi akiamini anaokoa perege, na siku ukuta ukivunjika atakuwa amewapeleka Ngerengere kwa mikono yake.

#35 Mzee wa Nyegezi
Wote wawili mna hoja. Lakini mimi bado sijaona picha ya mkia wa yule mkubwa. Kitambaa cheusi, Kihonda. Na yule jike usimsumbue tena, akitishika atatema mayai.

#36 Tunda Kavu
Mliosema wengine wakaliwe, wale wawili wa madoa meupe wanauzwa? Nipo Msamvu, nafika jioni.